Mkono wa Moto

Ilipanda kutoka Mombasa juu ya trela
imefungwa turubai kama maiti ya tajiri,
na Malaba ikalala siku tisa
kwa kuwa karani wa forodha hakuwa na fungu
la kitu chenye nguvu za farasi mia sita na viti viwili tu.
"Abiria?" aliuliza. "Samaki?"
Mume wangu Byekwaso akasema, "Mwendo."
Karani akaandika: Mengineyo.

Aliyetuuzia alicheka kwenye simu:
maji ya kifuu, bahari ya chungu.
Hajui Nalubaale.
Huko kwake wimbi ni refu, lina adabu, linakuja peke yake;
hapa ni fupi, limesimama, limebanana na mwenzake
kama ngazi ya fundi mlevi.
Na hewa yetu nyembamba. Tuko juu mno ya bahari.
Injini zilifika Kigungu zikihema kama wageni,
mpaka Kawooya wa Katwe, mfua sufuria na mageti,
alipozilaza rafadha pajani,
akazipunguza mkunjo kwa nyundo na jicho moja.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Plagi kumi na mbili.
Mpira wa pampu, umesagwa na gugumaji siku ya pili.
Chujio la hewa, limejaa usubi wa ziwa, mweusi, mbichi,
kana kwamba mtu kamwaga humo majani ya chai.
Petroli: andika, geuza ukurasa, andika.
Kwa saa moja inakunywa ndama,
kwa saa mbili, na mama yake.
Mashemeji wananiambia haraka haraka.
Nawajibu kwamba baraka sijawahi kuijumlisha,
haina safu.

Boti ya namna hii ni ya watu wawili,
mmoja usukani, mmoja moto.
Byekwaso alijaribu vijana watatu.
Wa kwanza alikuwa jasiri, tukanunua giaboksi.
Wa pili alifumba macho.
Wa tatu tulimkuta Kasenyi akiuza mafuta yetu kwa jagi.
Nikaweka kalamu chini.

Hakuna aliyenifundisha ila sikio.
Ikiwa majini, rafadha huguna;
ikitoka, hupiga ukelele;
na kati ya mguno na ukelele ipo nafasi
nyembamba kuliko kope
ya kukata moto.
Ukichelewa, chuma kinajila.
Ukiwahi, pua inazama.
Sitazami mbele. Mbele ni kazi yake.
Natazama goti langu, na mkono wangu juu ya wenzo,
mkono uleule unaopiga mihuri ofisini,
na siku hizi una sugu ambayo hakuna aliyeniuliza.

Nyumbani tunaulizana nani kafunga geti.

Jumapili, tulipoipita Bubeke,
tulikutana na wimbi lililoachwa na kivuko.
Tukaruka.
Nikaachia moto.
Injini zote mbili zikawa kama zimemeza mate,
na huko juu nikasikia kufuli ya kisanduku ikigonga,
pumzi ya Byekwaso ndani ya kofia yake,
na chini yetu maji yakijiziba bila sisi.
Nilihesabu kama ninavyohesabu noti:
moja,
mbili,
akanigeukia. Hairuhusiwi. Usukani hautazami moto.
Alikuwa na uso niliouona mara ya mwisho
kabla hatujawa na chochote cha kufunga geti.

Tatu. Nikatia.

Leo Jumatatu.
Lita mia moja themanini na nne.
Kioo cha geji ya mafuta, kimepasuka.
Bolti moja, ndogo, haijulikani imetoka wapi.
Nimeiweka kwenye kikombe cha kalamu
na sijamwambia.